Bipu ya Saa Tatu

Ndani ya kasha la chuma, kituo cha pampu Kibamba,
kuna kijidude kisichozidi ukucha wa kidole changu cha mwisho.
Kazi yake ni kuhesabu kurudi nyuma.
Hakijui maji. Hakijui Mbezi wala ndoo zilizolala foleni.
Kinajua hili tu: kikifika sifuri bila kuguswa bega,
kinazima kila kitu, kinawasha upya.

Programu ikiwa na akili zake,
ikishapima presha, ikishasoma kina cha tangi,
hukigusa: nipo.
Hesabu inarudi juu.
Ikikwama, umeme umeyumba, namba imepotea njia,
haihitaji kulia.
Kimya chake ndicho kilio.

Sisi mafundi twakiita mbwa.
Habweki. Hung'ata mara moja,
na jino lake ni dawa.

Mara ngapi nimesoma asubuhi kwenye kumbukumbu:
saa nane na dakika kumi na moja usiku,
imejizima, imejiwasha, sekunde nne,
na Mbezi nzima haikugeuka ubavu.

Mama yangu, Bi Sikudhani wa Mbagala Kizuiani,
hajawahi kufungua kasha lolote
zaidi ya lile la vitenge.
Lakini mbwa wake alimfuga mwenyewe.
"Saa tatu usiku nitakubipu. Usipokee,
utanimalizia vocha.
Ikifika na robo hujaona kitu, panda bodaboda uje."

Miaka sita.
Mlio mmoja, unakatika.
Nainua macho kwenye geji, nayashusha.
Yupo.

Mwezi wa nne, mvua zimeshika, bipu zikaja kama kawaida.
Jumatatu saa tatu kamili.
Jumanne saa tatu kamili.
Jumatano, kamili.
Nikaacha kunywa chai.
Mama hajawahi kuwa kamili.
Hubipu na dakika mbili, na dakika saba,
akishafunika makaa, akishatafuta miwani iliyo kichwani mwake.

Ugonjwa huu naujua.
Fundi mvivu huutoa mguso kwenye kazi
akauweka kwenye saa.
Kazi inaganda, saa inaendelea kugusa: nipo, nipo, nipo.
Pampu ya tatu tuliipoteza hivyo.
Ilizunguka kavu usiku kucha mpaka sili zikaungua,
na mbwa amelala pembeni, ameshiba.

Aliyenifungulia mlango ni Shomari, mtoto wa dada,
miaka kumi na moja, simu ya bibi mkononi,
kengele imetegwa.
"Bibi alisema usisumbuke, uko kazini.
Akanionyesha pa kubonyeza."

Mama alikuwa nyuma ya pazia.
Shuka limelowa, midomo imekauka,
jina langu analitafuta na halipati.

Temeke, wodi ya wanawake, dripu.
Tone. Tone.
Sikumgombeza Shomari.
Alifanya alichoandikiwa.
Nilihesabu matone mpaka alfajiri,
na kila nilipokosea nilianza upya.

Niliporudi Kibamba nilihamisha mstari mmoja tu wa programu,
nikauweka mwisho kabisa, baada ya kazi zote,
mahali ambapo hakuna awezaye kufika
bila kupita kwenye maji.

Na Mama nikamwambia: bipu haitoshi.
Niandikie neno, la siku yenyewe.
Akalalamika vocha. Akalalamika macho.
Juzi aliandika: Mchicha.
Jana: Muuza mkaa mwizi.

Leo ni saa tatu na dakika tisa.
Geji ya presha imetulia.
Simu iko juu ya kasha, uso juu.
Funguo ninazo mkononi
na ninahesabu kurudi nyuma.